Dada Yetu, Aliyefuta Uthibitisho Wake Mwenyewe

Ndugu, jamaa, majirani, walimu wenzake na wanafunzi wake, ninyi nyote mlioacha shughuli zenu asubuhi hii, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa mama yetu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake kwa sababu mbili, ya kwanza ni kwamba nilikuwa karani wa mahakama tangu ujana wangu na sauti yangu imezoea kusoma mambo mazito bila kukatika, na ya pili ni kwamba katika ugonjwa wake mimi ndiye niliyekuwa mkono wake wa kuandikia, kwa hiyo mengi nitakayoyasema niliyasikia kinywani mwake, mengine niliyaona mwenyewe, na pale nisipojua nitasema sijui.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Juni 1957, siku ya Ijumaa, katika chumba cha nyuma cha duka la vioo la baba yetu, mtaa wa mafundi, upande wa pili wa stesheni, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, kaka zetu wawili wameshatangulia na leo nimebaki peke yangu. Baba alikata vioo vya madirisha, vya makabati na vya kunyolea, mama akavipigia fremu, na sisi watoto tulikatazwa kutembea pekupeku ndani ya nyumba yetu wenyewe kwa sababu ya vigae, amri ambayo dada aliivunja mapema na kuilipia kwa kovu la kisigino. Alipokuwa bado hajaanza shule alichukua vipande viwili vya kioo vilivyobaki, akavisimamisha mezani vikikutana kama kitabu kilichofunguliwa, akaweka kifungo cha shati katikati, kisha akawa anavifumba na kuvifungua kidogo kidogo, akaona kwamba kwa pembe fulani vifungo vinakaa sawa na kufunga duara zuri, na kwa pembe nyingine kimoja kinakatika nusu, akamwuliza baba kwa nini, na baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akamjibu, "Kwa sababu umeviweka vibaya," na dada alipenda kusema kwamba chuo kikuu kilimlipa mshahara maisha yake yote atafute jibu refu kidogo kuliko hilo.

Alianza masomo ya msingi Januari 1964 katika shule ya reli, iliyokuwa jirani na karakana ya mabehewa, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1971, na huko mwalimu wa hesabu, mwanamke mkali aliyekuwa na kikohozi cha kudumu, alimpa sifuri kwa jibu lililo sahihi kwa sababu hakuonyesha njia, akamwambia mbele ya darasa zima, "Umefika, sawa, lakini mimi nimekuuliza umepitia wapi," na dada alilia siku hiyo, nyumbani akala chakula chake amegeukia ukuta, ila tangu hapo hakuruka hatua katika kazi yoyote aliyoandika, isipokuwa mara moja, na hiyo mara moja tutaifikia. Mwaka 1977 alijiunga na chuo kikuu, akahitimu shahada ya kwanza mwaka 1980 akiwa mwanamke pekee katika darasa lake la hisabati, akabakizwa kuwa mwalimu msaidizi, na Septemba 1983 akaenda nje ya nchi kusomea udaktari wa falsafa, akarudi Agosti 1988 amekonda, amevaa koti zito katikati ya joto, na sanduku lake zima limejaa karatasi na hakuna zawadi hata moja, jambo ambalo mama alimsamehe kwa shida.

Naombeni mnivumilie kidogo nieleze alichokuwa akikifanya, kwa maana bila hilo maisha yake hayaeleweki, na mimi mwenyewe nilieleweshwa mezani jikoni, kwa viazi na vijiti vya kiberiti. Alifanya kazi na makundi ya vioo, yaani zile jamii za picha zinazopatikana ukiweka vioo kadhaa vikutane kwa pembe zinazokubaliana, kila kioo kikirudisha picha ya kingine mpaka zote zifunge na isibaki iliyokatika nusu, na upande wa pili alifanya kazi na kitu wanachokiita podo, jina lile lile la mfuko wa mwindaji wa kuwekea mishale, ambalo kwao ni nukta chache zilizounganishwa kwa mishale, kila nukta ikiwa na chumba chake cha namba na kila mshale ukihamisha namba kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Vitu hivi viwili, vioo na mishale, havifanani hata kidogo, lakini ukichagua nukta ambayo mishale yake yote inaingia, ukaigeuza yote ikatoka, na vyumba vya namba ukavipanga upya kwa utaratibu wake, utakuwa umefanya jambo lile lile linalofanywa na kioo, na dada aliponionyesha hayo kwa viazi nilimwambia, "Sasa hii inamsaidia nani?" akacheka, akaniambia, "Bado. Lakini si inapendeza?"

Yapo makundi machache ya vioo ambayo ni yatima, ndivyo alivyoyaita, kwa kuwa hayana podo la kawaida la kuyawakilisha, na mojawapo ni kundi la mpira wa miguu, ule wa vipande vyeusi vya pembe tano na vyeupe vya pembe sita, ambao alikuwa akiingia nao darasani chini ya kwapa mpaka watu wa ofisi ya michezo wakauliza nani anawaibia, na jingine ni kaka mkubwa wa huyo, kundi linaloishi katika nafasi ya pande nne ambayo hakuna jicho lililowahi kuiona, na dada alitaka kutengeneza aljebra moja, jengo moja la kanuni, ambalo ndani yake hata mayatima hao wangepata mishale yao, na vioo na mishale vikubaliane kila mahali.

Aliajiriwa rasmi kama mhadhiri tarehe 1 Oktoba 1988, akapewa chumba ghorofa ya sita, na ni katika jengo hilo alikutana na shemeji yetu, fundi wa lifti, siku lifti ilipogoma kati ya ghorofa ya tatu na ya nne yeye akiwa ndani, na shemeji, alipofungua mlango kwa mtaimbo akitegemea kukuta mtu analia, alikuta mwanamke amekaa sakafuni anachora mishale ukutani kwa chaki, akamwambia, "Mama, hiyo lifti ni ya serikali," naye bila kugeuka akamjibu, "Dakika moja, usifunge." Walifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1989, na tangu hapo shemeji alikuwa akiwaambia wageni kwamba nyumba yao ni ya mishale mitupu, tofauti ni kwamba yake ukiibonyeza unapanda.

Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kwanza ni binti yao, aliyezaliwa Machi 1991, ambaye ni mfamasia na amekaa hapa mbele, na wa pili ni mtoto wa kiume, aliyezaliwa Mei 1994, ambaye hakufikisha mwaka, homa ya uti wa mgongo ilimchukua Februari 1995, na kuhusu mtoto huyo dada hakuzungumza na mtu, alirudi kazini wiki iliyofuata, na wanafunzi wake wa mwaka ule waliniambia kwamba alifundisha kama kawaida, tatizo ni kwamba akimaliza kipindi hakuwa anatoka, alikuwa anabaki amesimama mbele ya ubao mpaka darasa linalofuata liingie na mtu amguse mkono.

Katika idara alikuwepo mhadhiri mwenzake ambaye watu wote walimwita Pacha, kwa sababu yeye na dada walikuwa wamezaliwa wiki moja, walisoma pamoja, walicheka pamoja na waligombana kila siku juu ya herufi gani itumike kwa kitu gani, na wenyewe waliitana hivyo hivyo, pacha huyu na pacha yule, na mwaka 1997, baada ya kazi ya miaka mitano, walichapisha pamoja uthibitisho kwamba aljebra ile ipo, kwa mayatima wote, wa pande tatu na wa pande nne, na jarida lililoupokea lilikuwa la kuheshimika kiasi kwamba makamu mkuu wa chuo alipiga picha nao wawili kwenye ngazi. Pacha alifanywa mkuu wa idara, dada akapandishwa kuwa mhadhiri mwandamizi, watu wa nchi nyingine wakaanza kujenga kazi zao juu ya ile yao, na wanafunzi wakaja, mmoja wao kijana aliyeitwa Tai, jina alilopewa kwa sababu hakuwahi kuonekana bila tai shingoni, hata siku za usafi, na Tai ndiye aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari ambaye dada alimpenda kuliko wote waliowahi kupita mikononi mwake.

Sasa nafika mahali ambapo baadhi yenu mlitaka nipapite haraka, na familia imekaa ikakubaliana kwamba sitapapita.

Mwezi Aprili 2004 dada alikuwa akiandaa somo la kuwaeleza wanafunzi ule uthibitisho hatua kwa hatua, akafika ukurasa wa kumi na tisa, kwenye sentensi iliyosema kwamba ni dhahiri kwamba mishale, baada ya kugeuzwa mzunguko mzima, hurudi mahali pake, na sentensi hiyo aliiandika yeye, kwa mwandiko wake, mwaka ule wa msiba wa mwanawe, na hakuonyesha njia. Akasema ngoja nijaze njia yenyewe, iwe mfano kwa wanafunzi, akafanya hesabu ya pande tatu ikamkatalia lakini akahisi inatibika, akafanya ya pande nne, na huko mishale miwili ilirudi mahali pasipo pake, akairudia, ikarudi vile vile, akaenda nyumbani akaosha vyombo vyote vilivyokuwamo jikoni, vilivyo safi na vilivyo vichafu, na kesho yake asubuhi akaingia ofisini kwa Pacha.

Maneno yaliyosemwa humo nimeyapata kwa wote wawili, kwa nyakati tofauti, na yanalingana, hivyo nayasoma kama yalivyo.

Dada alimwambia, "Pacha, kuna shimo."

"Wapi?"

"Kumi na tisa. Pale nilipoandika ni dhahiri."

Pacha alisoma, akasoma tena, akavua miwani. "Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Basi tulizibe kwanza, tukishaliziba ndiyo tuseme. Tutasema nini sasa hivi? Kwamba tumekosea na hatujui?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Na Tai? Anatetea tasnifu yake mwezi ujao, na sura tatu nzima zimesimama hapo. Unataka kumuua yule mtoto?"

"Nataka asisimame mbele za watu akatetea kitu ambacho mimi najua ni uongo."

Pacha akamwambia, "Wewe unajua. Yeye hajui. Mwache apite," na dada akasimama, akafunga mlango taratibu, na ndani ya wiki ile alimweleza Tai uso kwa uso, kisha akaandika kwa jarida kuomba uthibitisho ufutwe, akampelekea Pacha aweke sahihi, Pacha akakataa, na tangazo likatoka na jina moja.

Kilichofuata hakikuwa kizuri kwa mtu yeyote. Utetezi wa Tai uliahirishwa, halafu ukafutwa, aliambiwa aanze upya na ufadhili wake ulikuwa umefika mwisho, akaondoka bila kuaga mtu, na dada aliambiwa na kikao cha idara, kilichoongozwa na Pacha, kwamba kwa muda asisimamie tena wanafunzi wa shahada za juu, akapewa hesabu za mwaka wa kwanza, akahamishwa kutoka ghorofa ya sita kwenda chumba cha chini kilichokuwa stoo ya viti vibovu, dirisha linatazamana na jenereta, na wenzake waliokuwa wakimpigia makofi wakawa wakimwona kwenye korido wanakumbuka kitu walichosahau ofisini. Nyumbani nako hakukuwa na nafuu, kwa maana shemeji alikasirika, na ameniruhusu niliseme hili, aliona mkewe amevunja nyumba ya watu wengi kwa ajili ya mishale miwili, na kwa wiki kadhaa walizungumza kwa kupitia binti yao, "Mwambie mama yako chakula tayari," "Mwambie baba yako nimeshiba," huku wamekaa meza moja, mpaka Jumamosi moja shemeji alibeba mkoba wake wa kazi, akaenda kule chini, akaondoa dirisha lile la kutikisika, akaweka lingine zito lenye mpira pembezoni, akajaribu kwa kuliwasha jenereta, akamwuliza, "Unasikia kelele?" dada akasema, "Kidogo," akasema, "Hicho kidogo ndicho kiwango changu," na huo ndio ulikuwa mwisho wa ugomvi, hawakuuzungumzia tena.

Lakini la Tai halikuwa na fundi. Dada alimwandikia, hakujibu, alimtafuta kwa waliomfahamu, akasikia kwamba anafundisha shule ya binafsi, kisha kwamba ameacha, kisha kwamba anakunywa, na tarehe 3 Novemba 2010 tukapata habari kwamba Tai amefariki, ini lilimshinda, akiwa na miaka thelathini na minane. Nilimsindikiza dada kwenye mazishi hayo, nilimkataza akakataa kukatazika, tulipanda basi saa nyingi, tukafika nyumbani kwao, na mama yake Tai alitupokea mlangoni kabla hatujaingia, mwanamke mfupi, amefunga kitambaa kichwani, akamtazama dada kuanzia viatu kwenda juu.

"Wewe ndiye uliyemwambia kazi yake si kweli?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Na ilikuwa si kweli?"

"Ilikuwa si kweli, mama. Ila kosa halikuwa lake, lilikuwa langu."

Ndani watu walikuwa wanaimba, mama yule akasema, "Basi umefika, umeonekana. Rudini," akafunga nusu ya mlango, siyo wote, na sisi tukasimama uani pamoja na watu wasiotufahamu mpaka mwili ulipotoka, tukaufuata nyuma kabisa, na njiani kurudi dada alikuwa amekaa dirishani ameshika mkono wangu kwa nguvu hata kesho yake ulikuwa na alama.

Watu wengi walidhani ataacha, na wengine kwa nia njema walimshauri aache, lakini kuanzia mwaka uliofuata alirudi kwenye kazi ile ile, katika chumba kile kile cha chini, peke yake, akafundisha hesabu za mwaka wa kwanza asubuhi na mchana akafanya za kwake, na Juni 2014 alichapisha makala ya kurasa kumi na moja yenye uthibitisho wa yatima mmoja, yule wa mpira wa miguu, pande tatu tu, hatua zote zimeonyeshwa, hakuna mahali palipoandikwa ni dhahiri, na kwa kuwa nusu ya njia ilipita katika sura za tasnifu ya Tai ambazo hazikuwa na kosa, jina la Tai liliwekwa la kwanza na lake la pili. Alituma nakala kwa mama yake Tai, kwa rejesta, na mpaka leo hatujui kama bahasha ile ilifunguliwa.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2017, bila sherehe, kwa kuwa yeye mwenyewe hakutaka, na baada ya hapo alianza kazi ya yatima wa pili, yule wa pande nne, aliyemwangusha.

Ugonjwa wake ulianza katikati ya mwaka 2019, kwa chaki kumponyoka, tukacheka naye kwamba ni uzee, halafu kikombe, halafu ufunguo, na Januari 2020, katika hospitali kuu ya mkoa, daktari wa mishipa ya fahamu alimweleza kwamba mishipa inayoamuru misuli inakufa mmoja baada ya mwingine, kwamba hakuna dawa ya kuizuia, na kwamba akili yake itabaki nzima, na dada akamwuliza, "Yote?" daktari akasema yote, dada akasema, "Hiyo ni habari nzuri au mbaya?" na daktari, ambaye yupo hapa leo, alikuwa mwungwana wa kutosha kusema hajui.

Mkono wa kulia ulikwenda mwaka huo, wa kushoto ukafuata, miguu ikafuata, na mimi nikachukua likizo, kisha nikastaafu mapema, nikahamia kwake, nikawa mkono wake, nikichora nukta na mishale nisiyoielewa kwenye karatasi kubwa za kufungia nyama, ambazo mwenye bucha alitupa kwa hisani, na dada alikuwa mkali kwangu kuliko hakimu yeyote niliyewahi kumfanyia kazi, "Siyo huko, mdogo wangu, ncha, ncha iwe upande wa pili," na mimi ninageuza ncha, na yeye anafumba macho, na ninajua kwamba humo ndani vyumba vya namba vinapangwa upya, na ninasubiri. Zipo siku alizolia kwa hasira kwa kuwa nilikuwa mzito kuelewa, na zipo siku nilizolia mimi, jikoni, bomba limefunguliwa asinisikie, naye aliponiona macho mekundu alisema, "Vitunguu tena?" nikasema vitunguu tena.

Mwezi Septemba 2022, wakati maneno yake yalikuwa yameshaanza kuteleza na ni sisi wa nyumbani tu tuliomwelewa, Pacha alikuja, amestaafu naye, anatembea kwa fimbo, akasimama mlangoni mwa chumba bila kuingia, miaka kumi na minane ilikuwa imepita bila salamu, na mimi nilikuwa nimeshaandaa maneno makali ya kumwambia, lakini dada alinitangulia, alisema kitu, Pacha akanigeukia akaniuliza, "Anasemaje?" nikalazimika kumtafsiria, "Anauliza umekuja na kalamu au umekuja kumwangalia."

Alikuwa na kalamu. Alikaa, nikampisha kiti changu, na kwa majuma yaliyofuata alikuja kila mchana, akachukua nafasi yangu ya kuchora, wakagombana tena juu ya herufi, na jambo la 2004 halikutajwa na yeyote kati yao, mimi nikiwa naleta chai nasubiri litajwe. Walijaribu kujenga njia mpya ya kuvuka ukurasa wa kumi na tisa, na kuelekea mwisho wa Novemba walidhani wameipata, Pacha alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda ngazi, na mchana mmoja aliifanyia majaribio hesabu ile ya mwisho kwa sauti, mstari kwa mstari, dada amefumba macho, mpaka alipofika mahali sauti ikapungua, akaweka kalamu chini. Dada akafumbua macho. Pacha akasema, "Ile miwili. Imerudi tena pasipo pake," na dada akatoa sauti ambayo mwanzoni nilidhani anakabwa, nikakimbilia kumwinua kichwa, kumbe anacheka.

Hakujaribu tena baada ya hapo. Mwaka 2023 hakuweza kusema kabisa, tulitumia ubao wa herufi, binti yake anapitisha kidole na yeye anapepesa jicho kwenye herufi anayoitaka, na sentensi moja ilichukua muda mrefu, kwa hiyo alisema mambo machache, alimwambia shemeji kwamba lile dirisha lilikuwa zuri, alimwambia binti yake aolewe au asiolewe, vyovyote, ila asikae na mtu wa kumnyamazia, na mimi aliniambia neno ambalo binti yake alilisoma herufi kwa herufi akidhani amekosea, na kulirudia, na lilikuwa sahihi, SEMA SIKUMALIZA. Nikamwuliza, "Siku ya mazishi?" akapepesa ndiyo.

Alifariki dunia tarehe 22 Agosti 2023, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, kwa kushindwa kupumua, mumewe ameshika miguu yake, binti yake na mimi tukiwa kila mmoja upande wake, na haikuwa rahisi wala haikuwa haraka, ninalisema hilo kwa sababu baadhi ya watu wameshaanza kusema kwamba alilala tu.

Na sasa ninatimiza nilichoagizwa. Tangazo la msiba lililotolewa na chuo juzi, ambalo limebandikwa getini na kusomwa redioni, linasema kwamba marehemu ndiye aliyethibitisha kuwapo kwa aljebra hiyo kwa makundi yote, na tunajua limeandikwa kwa upendo na kwa kutaka kumrudishia heshima, lakini si kweli. Marehemu alithibitisha kwa kundi moja, la pande tatu, pamoja na mwanafunzi wake. Kwa kundi la pande nne alijaribu kwa miaka kama thelathini, alikosea mara moja hadharani, akasema, alijaribu tena, akashindwa, na amekufa hajui kama jambo lenyewe ni kweli au si kweli, wala hakuna mtu katika mkutano huu anayejua. Tunaomba tangazo lisahihishwe.

Familia inamshukuru daktari wa mishipa ya fahamu na wauguzi wa wodi namba saba kwa kutomdanganya hata siku moja, majirani wa ghorofa yetu waliobeba kiti chake ngazi zote nne kila umeme ulipokatika, mwenye bucha kwa karatasi zake, mafundi wenzake shemeji waliokesha nasi, na walimu wa idara waliofika leo, waliomtembelea na wasiomtembelea. Tunamshukuru pia Pacha, ambaye jana jioni, tulipokuwa tunapanga viti, aliniita pembeni akaniambia kwamba ameliandikia jarida lile kuomba sahihi yake iongezwe chini ya tangazo la 2004, nikamwambia umechelewa, Pacha, sana, akasema, "Najua," akainama akaendelea kupanga viti.

Dada, nimesema ulivyoniagiza. Kapumzike, na amani ikukute huko ulipo.